"Kwa Mujibu wa Habari Uliyosoma": Jarida la Watoto na Usomaji wa Matini za Kiuarifu Darasani

Katika mitihani ya Kiswahili ya shule za msingi nchini Tanzania kuna kirai ambacho kila aliyewahi kuketi kwenye dawati anakikumbuka: "kwa mujibu wa habari uliyosoma". Kirai hiki hakikuwekwa bure. Kinamkataza mtahiniwa kujibu kwa kubahatisha au kwa kutegemea aliyoyasikia nyumbani, kinamrudisha kwenye maandishi, na kinamrahisishia msahihishaji kazi kwa kuwa jibu lote limo ndani ya kifungu. Hoja ya makala haya ni kwamba kirai hicho, ambacho hakina madhara makubwa kinapotumiwa kwa hadithi, hupotosha usomaji kinapohamishiwa kwenye matini za kiuarifu. Aidha, tunadai kwamba jarida la watoto lina sifa zinazoweza kuusahihisha upotoshaji huo, lakini namna linavyoingizwa darasani, hata na walimu wenye nia njema, mara nyingi hulivua sifa hizo mlangoni.

Kwa matini za kiuarifu tunakusudia maandishi ambayo mwandishi wake ameahidi kwamba anayoyasema yapo ulimwenguni, si katika fikra zake tu: habari ya mnyama, maelezo ya namna chombo kinavyofanya kazi, taarifa ya safari, wasifu, ramani yenye maelezo. Tofauti yake na bunilizi haipo katika mtindo, kwani habari ya kweli inaweza kusimuliwa kwa mvuto na hadithi inaweza kuandikwa kwa ukavu wa ripoti. Tofauti ipo katika ahadi. Msomaji wa hadithi ya Sungura na Fisi hamdai mtunzi ushahidi kwamba sungura husema. Akiuliza sungura alisema nini, jibu limo katika hadithi na haliko kwingine kokote. Msomaji wa habari ya sungura, yule alaye majani na kuchimba ardhi, ana haki nyingine kabisa. Anaweza kwenda kumtazama. Anaweza kurudi na kusema kwamba mwandishi amekosea. Haki hiyo ya kurudi ndiyo kiini cha usomaji wa kiuarifu, nayo ndiyo inayofungiwa nje na kirai tulichoanza nacho.

Niruhusiwe hapa kutoa tukio ambalo kwa kiasi kikubwa ndilo lililonielekeza kwenye utafiti huu, ingawa halinipi sifa. Kabla ya kuanza masomo ya uzamivu nilifundisha Kiswahili darasa la tano katika shule ya kijijini mkoani Singida. Siku moja tulipata nakala 6 za jarida la watoto, zimechakaa pembe lakini picha zake zimetulia, nasi tulikuwa na wanafunzi zaidi ya 70. Nikachagua kurasa mbili zilizohusu nyuki. Kifungu kilieleza kuhusu malkia, madume na vibarua, kikaonyesha kwa mchoro jinsi nyuki anavyocheza ndani ya mzinga ili kuwaelekeza wenzake mahali penye maua, kisha kikasema kwamba kila nyuki kibarua ana mwiba na kwamba akishauma hufa. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Tulisoma kwa sauti, tukaeleza maneno magumu, nikaandika maswali ubaoni. Swali la nne liliuliza nini hutokea kwa nyuki kibarua baada ya kuuma.

Mvulana mmoja ambaye babu yake alikuwa na mizinga ya magogo akaandika kwamba nyuki wadogo hawaumi, bali huingia nywelani na masikioni, na kwamba ndiyo maana asali yao huchukuliwa na hata watoto. Nilimpa sifuri. Alipokuja mezani kuuliza sababu, nilimsomea swali kwa sauti, nikikazia maneno "kwa mujibu wa habari uliyosoma". Alirudi kwenye nafasi yake bila ubishi. Mtoto wa mwaka wa tano shuleni hujua tayari kwamba ubishi wa namna hiyo hauna mwisho mwema.

Alikuwa sahihi. Nyuki wadogo, ambao asali yao inathaminiwa sana kwa dawa katika sehemu nyingi za Tanzania, hawana mwiba unaofanya kazi, na hujilinda kwa njia zile zile alizozitaja. Hata kwa nyuki wakubwa wa asali, maelezo ya jarida yalihitaji kuwekewa mpaka: kibarua hufa anapomchoma binadamu au mnyama mwingine mwenye ngozi nene, kwa sababu mwiba wake una vijino unaonasa, si kila anapochoma. Mwandishi wa jarida aliandika neno "kila" pale ambapo lilistahili neno jingine. Kosa la namna hiyo ni la kawaida na linasameheka. Lisilosameheka kwa urahisi ni kwamba darasa zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyelisoma jarida lile kama matini ya kiuarifu, na mtu huyo ndiye aliyepata sifuri.

Inaweza kudaiwa kwamba swali lilikuwa la ufahamu wa lugha, si la sayansi, na kwamba mwalimu wa Kiswahili hana wajibu wa kupima ukweli wa nyuki. Dai hili lina uzito, na wapo wenzangu wanaolishikilia kwa dhati. Hata hivyo, linasimama juu ya dhana kwamba kuelewa sentensi na kupima ukweli wake ni kazi mbili zinazoweza kutenganishwa kwa mtoto anayejifunza kusoma habari za kweli. Sidhani kama zinatenganishwa. Kulielewa neno "kila" katika sentensi ile ni kuelewa kwamba linafunga mlango kwa nyuki wote, wakiwemo wa mizinga ya babu. Mvulana yule aliuelewa uzito wa neno hilo kuliko wenzake walionakili "hufa" na kupata alama. Kipimo chetu kilishindwa kuona kwamba yeye ndiye aliyekuwa mfahamu wa lugha.

Sasa, kwa nini jarida na si kitabu cha kiada? Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba jarida lina picha, rangi na mafumbo, hivyo huwavutia watoto na kujenga mazoea ya kusoma. Sina ugomvi na sababu hiyo isipokuwa kwamba ni ndogo. Inalifanya jarida kuwa chambo, na chambo hutupwa samaki akishanaswa. Sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba jarida, tofauti na kitabu cha kiada, lina tarehe, lina waandishi zaidi ya mmoja, na lina toleo litakalofuata. Kitabu cha kiada huzungumza kana kwamba kimekuwapo daima. Jarida huzungumza mwezi huu, na mwezi ujao linaweza kukiri kwamba lilikosea.

Historia ya uandishi wa Kiswahili inatupa ushahidi kwamba jambo hili si geni kwetu. Jarida la *Msimulizi*, lililoanza mwaka 1888 chini ya misheni ya UMCA huko Unguja, lilikuwa na mikono ya wanafunzi wa Kiungani ndani yake, na habari zake nyingi zilikuwa taarifa za vituo, safari na matukio zilizoletwa na watu waliokuwapo. *Kiongozi*, lililotoka Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, lilifungamana na shule ya serikali ya mji huo. Kisha mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha *Mambo Leo*, ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa usomaji wa walimu na wanafunzi, likichapisha maelezo ya jiografia, afya na kilimo pamoja na mashairi, barua, na habari kutoka wilayani. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliopata nafasi katika kurasa zake.

Ni lazima tuseme pia kwamba majarida hayo hayakuwa uwanja huru. La misheni lilikuwa la misheni, la serikali lilikuwa la serikali, na mambo mengi ambayo msomaji angependa kuyahoji hayakuwa na mahali pa kuhojiwa. Tunachokiokota humo ni umbo tu: msomaji aliyesoma habari ya wilaya yake aliweza, mwezi uliofuata, kuonekana ukurasa ule ule akiwa mwandishi. Umbo hilo la mazungumzo limepungua sana katika machapisho ya watoto wa leo, ambayo mara nyingi humwachia msomaji sehemu moja tu ya kuandika, nayo ni visanduku vya fumbo la maneno.

Nchini Marekani, ambako majarida ya darasani yana historia ndefu (*My Weekly Reader* lilianza mwaka 1928), mjadala ulipata nguvu baada ya Nell Duke kuchapisha mwaka 2000 utafiti wake wa madarasa 20 ya darasa la kwanza, ambako alikuta kwamba matini za kiuarifu zilipewa wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Takwimu hiyo imenukuliwa mno, na mara nyingine inanukuliwa katika maandiko yetu kana kwamba ilipimwa Morogoro. Haikupimwa huku, na hali yetu ni tofauti kwa namna ambayo inafanya tatizo liwe la aina nyingine. Watoto wetu hawakosi vifungu vya habari. Vitabu vya sayansi na maarifa ya jamii vimejaa habari. Wanachokosa ni kuzisoma kama habari. Kuongeza dakika bila kubadili swali linaloulizwa baada ya kusoma kungetupa sifuri nyingi zaidi za aina ile niliyoitoa mimi.

Mafunzo yaliyofuata mjadala huo wa Marekani yamekuja kwetu kupitia semina na miongozo, na yamekuja hasa katika umbo moja: kuwafundisha watoto viungo vya ukurasa. Mwanafunzi hufundishwa kukitambua kichwa cha habari, kichwa kidogo, maelezo ya picha, jedwali, ramani, faharasa. Hili ni jema hadi linapokuwa somo zima. Nimeshuhudia kipindi cha dakika 40 ambamo wanafunzi walionyesha kwa kidole kila kiungo cha ukurasa kuhusu mamba, na hakuna aliyeulizwa ukurasa ulisema nini kuhusu mamba. Ni sawa na kumfundisha mtu sehemu za jembe bila kumpeleka shamba.

Hata hivyo viungo hivyo vina maana, na kipindi changu cha nyuki kilinionyesha kwa namna ya kuchekesha. Tulipokuwa tukisoma kwa pamoja, darasa zima kwa sauti moja, tulifika katikati ya sentensi ambayo iliendelea safu ya pili, juu ya picha. Sauti sabini ziliteremka moja kwa moja kutoka mwisho wa safu ya kwanza hadi kwenye maelezo ya picha, na tukamsikia malkia "akitaga mayai mengi katika ufugaji wa kisasa, mzinga huu umetundikwa mtini". Hakuna aliyesita. Usomaji wa pamoja kwa sauti, ambao ni nguzo ya madarasa makubwa yasiyo na vitabu vya kutosha, hudhani kwamba maandishi yana njia moja kutoka juu hadi chini. Ukurasa wa jarida una njia nyingi: jicho huanza kwenye picha, likaenda kwenye maelezo yake, likarudi kwenye kichwa, likaruka hadi jedwali. Anayeulazimisha ukurasa huo uimbwe kwa mstari mmoja ameshaugeuza kuwa kitu kingine. Ndiyo maana naona nakala 6 kwa makundi ya watoto 12, kila kundi likipewa jambo la kutafuta na kubishania, si upungufu mkubwa kama inavyodhaniwa. Vichwa 12 juu ya ukurasa mmoja ni msongamano, lakini angalau ni vichwa vinavyotazama sehemu mbalimbali za ukurasa.

Lipo tatizo jingine ambalo halitokani na mwalimu bali na majarida yenyewe. Waandishi wengi wa Kiswahili wa machapisho ya watoto hawauamini ukweli utembee peke yake. Wanautafutia mnyama wa kuubeba. Habari ya malaria husimuliwa na Sungura, usafi wa meno na Kobe, na mara nyingine mbu mwenyewe huomba msamaha mwishoni. Nia ni kuwafikia watoto kupitia utanzu wanaoupenda. Athari yake ni kuchanganya ahadi mbili tulizozitenganisha mwanzoni. Mtoto hajui ni wapi pa kudai ushahidi na wapi pa kuacha mambo yawe ya kufikirika tu, na kwa kuwa mtoto ana busara, huamua kutodai popote.

Si kila mchanganyiko ni mbovu, na hapa lazima tuwe waangalifu. *Shujaaz* ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 kwa ajili ya vijana na kwa lugha ya Sheng, ni katuni ya kubuni tangu mhusika wake mkuu, DJ Boyie, anayerusha matangazo ya redio kutoka chumbani kwake. Lakini ilipoeleza mbinu ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa chakula, ilieleza jambo ambalo msomaji aliweza kulijaribu uani kesho yake, na mafanikio au kushindwa kwake kungekuwa hukumu juu ya maandishi yale. Mhusika ni wa kubuni, lakini dai liko wazi na linapimika. Sungura wa malaria hutofautiana naye kwa sababu anatoa amri, na amri hazipimwi. Hutiiwa au hazitiiwi. Nchini Tanzania majarida ya Femina, shirika lililoanza kazi mwaka 1999, yameonyesha kwa miaka mingi kwamba vijana huandika, huuliza na husahihisha wanapoona kwamba maswali yao yanachapishwa. Lakini *Fema* imelenga sekondari na *Si Mchezo!* vijana wa vijijini. Mtoto wa miaka kumi amebaki na Sungura.

Nirudi kwenye tarehe, kwa kuwa naona ndiyo sifa iliyotelekezwa zaidi. Majarida yanayofika shuleni kwetu huwa ya zamani, na walimu huona aibu kwa hilo. Nadhani aibu hiyo haina msingi. Jarida lililochapishwa kabla ya mwaka 2006 litasema kwamba jua lina sayari tisa. La baadaye litasema nane, kwa sababu mwaka huo wanaastronomia waliiondoa Pluto katika daraja la sayari. Jarida la mwaka 2010 litasema Tanzania ina mikoa 26. Mwaka 2012 ilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30, na mwaka 2016 Songwe ikafanya 31. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 katika chapisho moja na 5,892 katika jingine, kwa sababu ulipimwa upya mwaka 1999 kwa vyombo vipya, ingawa kipimo cha zamani hakijatoka midomoni mwa watu. Mpe mtoto wa Njombe ramani ambayo mkoa wake haumo, usimwambie lolote, kisha subiri. Atauliza jambo ambalo hakuna swali la ufahamu limewahi kumfanya aulize: hii iliandikwa lini, na aliyeandika alijuaje?

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote linatoka kwenye sera ya lugha, nalo haliwezi kupitwa kimyakimya. Mtoto wa shule ya serikali husoma habari kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi, kisha akiingia sekondari hukutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Kwa nini basi tumfundishe kuhoji jedwali kwa lugha ambayo majedwali yatamkimbia? Jibu langu ni kwamba stadi ya kuuliza "alijuaje" haikai katika msamiati wa lugha moja. Hoja ya Jim Cummins kwamba stadi za kitaaluma zilizojengwa katika lugha ya kwanza huweza kuhamia katika ya pili inaelekea upande huo. Lakini nakiri kwamba uhamaji huo hauji wenyewe. Asiyewahi kuihoji matini kwa lugha anayoimudu hatathubutu kuihoji kwa lugha inayomtisha, na ndipo wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapokariri aya nzima bila kujua zinadai nini. Miaka ya msingi ndiyo nafasi pekee ambayo wengi wao watapata ya kubishana na maandishi wakiwa na lugha kamili mdomoni.

Pingamizi la mtihani ni gumu zaidi, na sina jibu linaloniridhisha. Mwalimu anayewafundisha watoto kulipinga jarida huku mtihani wa taifa ukidai "kwa mujibu wa habari" anawaweka katika hatari ya kupoteza alama. Nimejaribu njia ya maswali mawili: la kwanza huuliza habari inasema nini, la pili huuliza kama ni kweli na tutajuaje. Watoto huzitofautisha kazi hizo upesi kuliko nilivyotarajia. Ila swali la pili huchukua muda mrefu, halina jibu la kusahihishwa kwa vyema, na wiki zinapokaribia mtihani ndilo hufutwa kwanza. Nimelifuta mwenyewe zaidi ya mara moja.

Kuhusu mvulana wa nyuki, wiki chache baadaye nilimwomba aandike barua kwa wahariri wa jarida lile. Aliandika nusu ukurasa, akaeleza mzinga wa babu yake, urefu wake kwa mikono, aina ya mti, na jinsi nyuki wadogo wanavyojenga mlango wa nta mfano wa mrija. Jarida lilikuwa limekwisha kuacha kuchapishwa, na anwani iliyokuwa nyuma yake haikuwa na mtu. Tuliibandika barua hiyo ukutani, pembeni ya kurasa mbili za nyuki. Baada ya siku kadhaa msichana mmoja alikuwa ameongeza chini yake, kwa penseli, kwamba mlango wa nyuki wa kwao haukuwa mrija bali tundu tu, akauliza kama ni nyuki wale wale.